Pauni 65, 80 au 100? Mshipi wa kuvulia muskie huchaguliwa kwa chambo, si kwa samaki

Chambo changu cha kwanza kikubwa cha kuvulia muskie, samaki mkubwa wa maziwa ya huku Marekani, nilikaa nacho kwa dakika kama ishirini hivi. Kilikuwa cha mpira, kirefu kama mkono tangu kiwiko mpaka kifundo, uzito wakia 8, karibu robo kilo, na bei yake ilikaribia dola 40. Tulikuwa Mille Lacs, ziwa lililo kama maili 100 kaskazini mwa Minneapolis, mwishoni mwa Septemba, upepo unapiga ubavuni. Nikarusha. Kidole gumba kikateleza kwenye bobini ya rili, kile kifaa cha kukunjia uzi, uzi ukatatizana, na chambo kikiwa bado hewani kila kitu kikasimama ghafla. Nilisikia "pa!" kama fataki. Ufito ukabaki mwepesi mkononi, na chambo kikaendelea na safari yake peke yake, juu, mbali, mpaka kikatua na kuzama.

Baba Mwanaisha hakucheka mara moja, na hilo namshukuru. Yeye ni mtu wa Watamu, pwani ya Kenya, ujana wake wote ameumalizia kwenye mashua zinazopeleka watalii kuvua bahari kuu. Akauvuta uzi wangu, akautazama ncha iliyokatika, akauliza:

"Huu wa pauni ngapi, bwana mdogo?"

"Hamsini."

"Nani alokwambia hamsini?"

Alonambia alikuwa muuzaji wa duka moja nisilolitaja. Nilimweleza kwamba nataka samaki wa kilo kumi, kumi na tano hivi. Akapiga hesabu yake, uzi wa pauni 50 unabeba karibu kilo 23 kabla ya kukatika, akanihakikishia kwamba hapo nina akiba ya kutosha. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja, ila aliipigia samaki. Kilichokata uzi wangu hakikuwa samaki.

Kwa hiyo ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya ndugu zetu wa huku Minnesota na Wisconsin wanaoanza kuvua samaki huyu na kujikuta wamesimama mbele ya rafu ya mishipi wasijue washike kopo gani. Ukitaka jibu la haraka: nunua mshipi wa kusukwa wa pauni 80, uende zako ziwani. Ukitaka kujua kwa nini, na lini jibu hilo halifai, endelea.

Mshipi wenye nguvu kuliko samaki wa rekodi

Muskie, tamka maski, ni samaki wa maji baridi ya Maziwa Makuu ya Marekani na Kanada, mto St. Lawrence na sehemu za juu za Mississippi. Kwa mtu wa pwani namweleza hivi: chukua mzia, umtie mabaka, umfiche kwenye magugu maji, na umpe kiburi mara mbili. Huku humwita samaki wa kurusha mara elfu kumi, na baada ya misimu minne naona waliosema hivyo walikuwa wakarimu.

Muskie mkubwa kuliko wote anayetambuliwa na IGFA, shirika linalotunza rekodi za uvuvi duniani, alivuliwa Wisconsin mwaka 1949 na Cal Johnson. Alikuwa na pauni 67 na nusu, yaani kilo 30 na ushee. Rekodi ya Minnesota iliwekwa hapo hapo Mille Lacs mwezi Novemba 2021, samaki wa karibu pauni 56. Sasa tazama: mshipi wanaoutumia watu wengi ni wa pauni 80, kilo 36. Ungeweza kumning'iniza samaki wa rekodi ya dunia kwa uzi huo na bado ukabaki na chenji.

Baba Mwanaisha alipofika huku alidhani Wamarekani wanatia chumvi. Kwao sulisuli wa kilo 25 au 30 anavutwa kwa mshipi wa pauni 30, tena kwa raha. Lakini kule chambo hakirushwi. Kinarambazwa, mashua inakikokota nyuma, na samaki akidaka rili inaachia uzi mita mia, mita mia mbili, bahari ni pana na hakuna gugu hata moja la kumfunga. Mshipi wa kule kazi yake ni samaki. Mshipi wa huku kazi yake kubwa ni kubeba robo kilo ya mpira na chuma, kuirusha, kuikokota mpaka mashuani, kuirusha tena, mara mia tatu kwa siku, na pengine siku nzima usimwone samaki.

Kamba hukatikia pembamba, na pembamba penyewe kwenye kazi hii ni ule mrusho unaokwenda kombo.

Hebu tupige hesabu ya kijiweni. Tuseme chambo kinatoka kwenye ncha ya ufito kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde. Chambo cha wakia 3, gramu 85, kinabeba nguvu ya mwendo ya jouli 17. Kile cha wakia 16, gramu 454, kwa mwendo ule ule kinabeba jouli 91. Bobini ikikwama ghafla, nguvu yote hiyo lazima iishie mahali. Mshipi wa kusukwa haunyumbuki sana, kwa hiyo tuseme uzi na ufito pamoja vinaachia sentimita 30 tu. Hapo chambo kidogo kinavuta kwa wastani wa kilo 6 hivi, na kile kikubwa kilo 31. Huo ni wastani. Kilele cha mshtuko kinaweza kufika mara mbili yake, zaidi ya kilo 60, na hapo hata mshipi wa pauni 100 unatetemeka. Mikono yako inapunguza kidogo, upepo nao unapunguza kidogo, lakini nadhani sasa unaelewa kwa nini hamsini yangu iliondoka kama uzi wa kushonea.

Yako mambo mengine mawili yanayodai mshipi mnene. La kwanza ni mdomo wa muskie, mfupa mtupu: ndoana haiingii kwa kubembelezwa, unaikita kwa nguvu zako zote, na mshtuko ule unarudi kwenye uzi. La pili ni uhai wa samaki mwenyewe. Muskie karibu wote wanarudishwa majini. Kwenye maziwa mengi ya Minnesota huruhusiwi kubaki naye mpaka afike inchi 54, ambayo ni samaki wa mita moja na sentimita 37, na hata wanaofika watu huwaachia. Mshipi mwembamba unakulazimisha kuvutana naye muda mrefu, achoke, na ukimwachia anaelea tumbo juu. Maji yakifika nyuzi 27 za Selsiasi wavuvi wenye haya wanamwacha kabisa akae salama, mshipi uwe mnene vipi.

Nailoni, fluorokaboni au wa kusukwa

Hapa sitakaa sana, maana kwa kurusha swali hili limekwisha jibiwa.

Nailoni ya uzi mmoja inanyumbuka. Ikiwa mbichi na imevutwa kweli inaweza kurefuka robo ya urefu wake au karibu na hapo. Samaki akiuma umbali wa mita 35, wewe unakita, uzi unarefuka, na ndoana kule mbele inapata salamu tu. Tena nailoni yenye nguvu ya kutosha ni nene mno, inajaza rili upesi na inakumbuka umbo la bobini, inatoka mviringo mviringo kama chemchemi ya kalamu.

Fluorokaboni ni ngumu, inazama, haionekani sana majini, na haichakai upesi kwenye mawe. Sifa hizo tutazihitaji baadaye, kwenye kipande cha mbele. Kuijaza kwenye rili nzima kwa ajili ya muskie ni kutupa pesa, na rili itakununia.

Basi unabaki mshipi wa kusukwa. Zamani wavuvi wa muskie walitumia dakroni ya kusukwa, nene na inayolowana. Mapema miaka ya 1990 zikaja nyuzi za polithini ngumu, zile zinazouzwa kwa majina ya Dyneema na Spectra, na mambo yakabadilika. Uzi wa pauni 80 una unene kama wa nailoni ya pauni 18 hivi; makopo mengi yanaandika nambari zote mbili, kubwa ni nguvu, ndogo ni unene, na nimeona mtu dukani akizichanganya. Haunyumbuki karibu hata kidogo, kwa hiyo unausikia ukoka ukigusa chambo mita 40 mbele yako. Una kasoro zake: unakwaruzika upesi kwenye jiwe, unakata kidole kama wembe, na ukiufunga moja kwa moja kwenye bobini tupu unateleza wote kwa pamoja, unadhani breki ya rili, ile inayoachia uzi kidogo kidogo samaki akivuta, imekufa. Dawa yake ni kuanza na mita chache za nailoni chini, au utepe wa gundi.

Kuna wa nyuzi nne na wa nyuzi nane. Wa nane unapita kwenye pete za ufito kimya na laini, wa nne una makelele lakini bei yake ni rafiki. Anza na wa nne, hutajuta.

Sasa nambari zenyewe

Jedwali hili ni la mshipi wa kusukwa na wa kurusha tu. Uzito wa chambo ni kwa wakia, kama unavyoandikwa kwenye maboksi. Wakia moja ni gramu 28. Visahani ni vyambo vyenye vibati vinavyozunguka majini ukivivuta.

| Mshipi | Uzito wa chambo | Chambo chenyewe | Unapokuangusha |
|---|---|---|---|
| Pauni 50 | mpaka wakia 1 na nusu | vidogo vya mwanzo wa msimu | mrusho wowote mzito ukikwama |
| Pauni 65 | wakia 1 hadi 3 | visahani vidogo, vya juu ya maji, vya mti vyepesi | unajichimbia kwenye bobini |
| Pauni 80 | wakia 2 hadi 8 | karibu kila kitu | mpira wa nusu kilo |
| Pauni 100 | wakia 6 na kuendelea | mipira mikubwa, visahani vikubwa | rili ndogo, chambo chepesi, chini kwenye mawe |

Hamsini nimeiweka ili uone ilipo, si kwamba nakushauri. Sitaki kuiongelea tena.

*65 na 80.* Sitini na tano si mshipi mbaya. Mwezi wa Juni, msimu ukiwa ndio umefunguliwa na samaki bado wanataka vitu vidogo, naipenda. Chambo cha mkia wa kulungu chenye kisahani kimoja, au kile cha mti cha inchi sita kinachotetemeka kama samaki aliyeumia, kinaruka mbali zaidi na kinacheza kwa uhuru zaidi kwenye uzi mwembamba. Mkono wako pia unachoka polepole.

Tatizo lake huwezi kuliona dukani. Unakita ndoana kwa nguvu, labda kwa samaki, mara nyingi zaidi kwa gogo, na ule uzi mwembamba unajibana katikati ya mizunguko ya chini yake, unazama ndani ya bobini. Hausemi kitu. Unachomoa ndoana kwenye gogo, unaendelea. Mrusho unaofuata, chambo kikiwa njiani, uzi unafika pale ulipojibana, unasimama, "pa!" Watu wanarudi nyumbani wakilaumu kiwanda. Siku hizi kila nikikita kwa nguvu, navuta uzi kwa mkono mpaka nipite pale ulipobana, kisha naurudisha nikiuminya kwa vidole ukaze vizuri. Ni kama sekunde kumi, na katika sekunde hizo Baba Mwanaisha huniuliza kama nimekuja kuvua au kufuma kofia.

Uzi wa 80 ukilinganisha na wa 65, unene unaongezeka kidogo tu, kama kutoka nailoni ya 16 kwenda ya 18. Kwa nyongeza hiyo ndogo unapata pauni 15 za nguvu na uzi usiojichimbia ovyo. Ndiyo maana nasema kama una ufito mmoja tu, 80.

*Visahani vikubwa.* Hapa uzito unadanganya. Chambo chenye visahani viwili vya nambari 10, aina ya Double Cowgirl na ndugu zake, hakina uzito wa kutisha, wakia 3 tu au karibu yake. Ukikisoma kwa jedwali la uzito ungesema 65 inatosha. Lakini kivute: visahani viwili vipana kama kijiko cha kupakulia vinazunguka na kubana maji, ufito unapinda kama tayari una samaki, na kila mzunguko wa mkono wa rili ni kazi. Uzi unakaa umevutika siku nzima, na ukipiga gugu au jiwe mshtuko unaongezwa juu ya mvuto uliopo. Kwa visahani vya namna hiyo usishuke chini ya 80, na wenye mabega mapana wanatumia 100.

Vya mti vya kuvutwa kwa mishtuko, kama Suick, ule ubao wenye kipande cha bati mkiani, navyo ni vya 80. Hapo si chambo kinachousumbua uzi, ni wewe mwenyewe unayeukwanyua kila sekunde mbili.

*80 na 100.* Swali hili ndilo linalogombanisha watu kwenye mashua, na mimi na Baba Mwanaisha bado hatujaelewana. Mpira wa Bull Dawg wa kawaida una wakia 4 kasoro, 80 inaubeba bila kulalamika. Ule mkubwa wake unafika wakia 8, na hapo 80 inafanya kazi lakini haina akiba. Kuna mwingine unaitwa Pounder, na jina linajieleza: pauni nzima, wakia 16, karibu nusu kilo. Huo ukiurusha kwa 80 unacheza kamari. Rudi kwenye hesabu yetu ya jouli 91 uone.

Baba Mwanaisha anasema kwa kuwa unene wa 100 haujaipita sana 80, kwa nini usiwe nayo kwenye kila rili ukalala usingizi? "Mie nimechoka kufikiri, nataka kuvua." Hoja ina uzito. Lakini mimi naona sababu tatu za kumkatalia. Rili ndogo ya kiganjani inajaa 100 kabla hujapata urefu wa kutosha. Chambo chepesi kinavutwa na uzi badala ya kuuvuta, hasa upepo ukiwa mkali, unaona tumbo la uzi limetuna juu ya maji kama tanga. Na ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: ukinasa kwenye mwamba, 100 haikatiki.

Hiyo unaweza kuiona kama sifa mpaka siku ikukute. Mashua inasukumwa na upepo, chambo kiko chini ya jiwe, uzi haukubali. Usiuzungushe mkononi, hata ukiwa na glavu, utakatwa mpaka mfupani. Usiuvute kwa ufito ulioelekezwa usoni pako pia, maana ndoana ikinyooka ghafla, chambo chenye ndoana tatu za meno matatu kinarudi kwako kwa kasi. Sisi tunabeba kipande cha mpini wa ufagio: unauzungushia uzi mara tano sita, unashika mpini kwa mikono miwili, unageuza uso, unavuta taratibu. Ama ndoana inanyooka, ama fundo linaachia. Kwa 80 jambo hilo huisha mapema zaidi.

Na kumbuka rili yenyewe. Breki ya rili nyingi za kurushia inakoma kwenye pauni ishirini na kitu, kubwa zake thelathini. Kwa hiyo kwenye kuvutana na samaki, mshipi wako wa 80 au wa 100 haufiki hata nusu ya nguvu zake. Anayekwambia 100 "ni kwa ajili ya samaki wakubwa" hajaitazama breki yake.

Kurambaza ni habari nyingine

Ziwa St. Clair, kati ya Michigan na Ontario, watu wengi hawarushi, wanarambaza: mashua inakwenda maili tatu, nne au tano kwa saa, vyambo vya plastiki vyenye ulimi mrefu vinachimba maji nyuma. Mrusho wa kombo haupo, kwa hiyo hesabu yote ya mshtuko wa hewani inaanguka. Kinachobaki ni kina na mtikisiko. Uzi mwembamba unakata maji na chambo kinashuka zaidi. Uzi mnene unakizuia juu. Wa kusukwa unakuonyesha ncha ya ufito ikitetemeka, na ikiacha kutetemeka ujue chambo kimebeba gugu. Nailoni nene inakunyima habari hizo lakini inapokea pigo la samaki vizuri, maana mashua haina huruma kama mkono. Mimi narambaza kwa ile ile 80 na nalegeza breki. Sijaona haja ya kununua rili nyingine kwa ajili hiyo.

Lida: hapa ndipo pesa inapopotea

Usifunge mshipi wa kusukwa moja kwa moja kwenye chambo. Meno ya muskie yanaukata kama unavyokata uzi wa kushonea kwa meno yako, uwe wa 80 au wa 100. Mbele yake lazima pawe na kipande cha futi moja au moja na nusu cha kitu kigumu. Pwani tungesema tu "waya" maana kule ni waya daima. Huku, kwa kuwa si waya kila mara, naiita lida kama wenyeji.

Fluorokaboni ya pauni 100 mpaka 130 ndiyo naitumia kwa visahani, mipira na vya juu ya maji. Ni nene kama milimita moja, meno yanateleza juu yake, na muskie akifuata chambo mpaka ubavuni mwa mashua, jambo analolipenda mno, unaweza kuzungusha chambo majini kwa umbo la nane bila kuona chuma kinang'aa puani pake. Lakini si ya milele. Baada ya kila samaki na kila jiwe naipitishia ukucha tangu juu hadi chini. Ukucha ukikwama, naitupa.

Waya ni wa vile vyambo vya mti vya mishtuko. Waya mmoja mgumu haujikunji na kunasa kwenye ndoana za mbele chambo kinaporudi nyuma kati ya mshtuko na mshtuko, fluorokaboni inanasa. Kasoro yake ni moja: ukishapinda, hata pindo dogo tu, hapo ndipo utakapokatikia. Usiunyooshe kwa koleo ukajidanganya.

Nambari ya lida iwe juu ya nambari ya mshipi. Mshipi wa 100 na lida ya 80 ni kununua gari la tani kumi ukalifungia kamba ya katani. Vivyo hivyo kile kishikizo cha mwisho kinachoshika chambo: niliwahi kukuta kishikizo changu kimefunguka kama pini ya nepi, na lida haina hata mchubuko. Na usiifanye lida ndefu mno kwa tamaa. Ikiingia kwenye pete ya ncha ya ufito unapovuta, unaweza kuivunja pete na samaki akiwa pale pale miguuni pako.

Fundo la kuunganisha mshipi na lida: Palomar. Unaukunja uzi mara mbili, unaupitisha kwenye tundu la mwanzo wa lida, unafunga fundo la kawaida lililolegea, unapitisha lida yote ndani ya kitanzi, unalowesha kwa mate, unakaza polepole. Fundo bovu linaweza kukunyang'anya theluthi ya nguvu ya mshipi au hata nusu, na hapo 80 yako inarudi kuwa ile hamsini ya muuzaji.

Ukishanunua

Rangi usiihangaikie. Kijani kilichokoza kinatosha, na kikipauka baada ya mwaka hakimaanishi uzi umekufa. Kinachoonyesha uchakavu ni manyoya: ukiona mita mbili za mbele zimekuwa na manyoya kama uzi wa sufi, kata, funga upya. Mimi nakata kila baada ya safari mbili hata nisipoyaona.

Urefu wa yadi 150 unatosha, hakuna mtu anayerusha hata nusu yake. Kopo la yadi 300 linajaza rili mbili, au rili moja mara mbili. Na kwa kuwa mita hamsini za mbele ndizo zinazofanya kazi yote, mwisho wa msimu ziwa likianza kuganda namwita Baba Mwanaisha, tunafunga uzi kwenye mti wa nyuma ya nyumba, tunautoa wote kwenye rili tukitembea, kisha tunaurudisha kwa kuanzia upande uliochakaa. Ule mpya uliokuwa chini miaka miwili unakuja juu. Yeye anafanya hivyo kwa 100 zake tatu. Mimi nina mbili za 80 na moja ya 100 ya mpira mkubwa, na rili ya nne, ndogo, bado sijaamua kama mwaka huu naijaza 65 au namwachia mwanangu avulie samaki wa kukaanga.